Anayesubiri Baba Abonyeze

Scolastika alikuwa ameinamia ungo akichambua mchele Justa alipoingia uani, futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni. Justa alikuwa fundi cherehani wa nyumba ya pili, na hakuwa mtu wa kuacha kazi ya mteja katikati.

"Mama Kulwa," alisema, "gari lenu limelia."

"Gari gani?"

"Kwani mna mangapi? Hilo la chini ya turubai. Limelia vilevile lilivyokuwa likilia Baba Kulwa akilifungua. Nikasema leo shemeji amerudi, ngoja nikamsalimie."

"Hajarudi."

"Basi nani amelibonyeza?"

Scolastika alitoa jiwe kwenye mchele, akalitupa mbali na kuku. "Justa, betri ya gari lile iko sebuleni. Ndiyo inayowasha redio. Sikiliza."

Walisikiliza. Redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo, majina ya waliofariki na ya ndugu wanaoombwa wafike mazishini. Justa alijishika kifua.

"Mimi cherehani yangu ni ya miguu, mambo ya betri siyajui," alisema kwa sauti ya chini. "Ila masikio ninayo. Limelia, halafu milango ikagonga, kama inavyogonga ikifunguka."

Scolastika alifunika mchele, akanawa mikono, akazunguka nyuma ya jiko. Gari lilikuwa pale pale, limefunikwa turubai la bluu lililokandamizwa kwa matofali pembeni. Tangu msiba hakuna aliyeligusa. Aliondoa tofali moja, akainua turubai upande wa mbele.

Kioo kilikuwa na jasho. Kiangazi kile, jua la saa saba likiwa utosini, kioo cha mbele kilikuwa na jasho kama la sufuria iliyofunikwa, na katikati ya jasho hilo palikuwa na alama ya kiganja kidogo. Alikifuta kwa ncha ya kitenge. Alama haikufutika. Ilikuwa upande wa ndani.

Akavuta kitasa. Mlango ulikuwa umefungwa. Kwenye mpira wa mlango palitoka harufu ya karanga zilizokaangwa, ya moto kabisa, kama zimeteremshwa jikoni sasa hivi.

"Kuna nini?" Justa aliuliza akiwa mbali.

"Hakuna kitu. Rudi kwenye kazi yako."

Alirudisha turubai, akaweka tofali juu yake, kisha akaongeza la pili.

*

Gari lile lilifika Buseresere mwaka uliotangulia, barabara zilipoanza kupitika baada ya mvua za El Nino. Lilikuwa gari dogo jeupe kutoka Japani, limetumika lakini linang'aa. Mumewe Athanas alikuwa broka, ananunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo wa Rwamgasa na kuipeleka Mwanza, na alisema mtu anayebeba dhahabu hawezi kupanda lori na mbuzi. Hukohuko Mwanza fundi akalifungia alamu na rimoti. Vioo vya pembeni vikabandikwa karatasi nyeusi. Vichwa vya pini za milango vikakatwa, kama walivyofanya mabroka wote, ili mwizi asipate pa kunasia waya wake. Milango ya nyuma ikarekebishwa isifunguke kwa ndani, kwa sababu broka hapakii nyuma mtu asiyeweza kumfungia.

Hapakuwa na rimoti nyingine Buseresere. Athanas aliposhuka garini alitembea mpaka barazani bila kugeuka, kisha akanyoosha mkono juu ya bega akabonyeza. Gari likalia, taa zikamulika, watoto wa mtaa wakashangilia.

"Rudi ukavute kitasa," Scolastika alikuwa akimwambia. "Utajuaje kama limefunga?"

"Taa zikiwaka limefunga."

"Limefunga nini? Hata hukutazama ndani."

"Mama Kulwa, hiki ni kitu cha Mjapani. Si mlango wa banda la kuku."

Walikuwa na watoto pacha wa kike, Kulwa na Doto, ambao mwaka ule walitimiza miaka mitano. Kwao gari lilikuwa mchezo. Waliingia nyuma, baba yao akabonyeza kutoka barazani, wakafungiwa, wakapiga kelele, "Baba, bonyeza!" naye akabonyeza, wakatoka wanacheka na kutaka tena. Ndivyo Doto alivyojifunza kwamba mlango wa gari mtu hausukumi. Anakaa, anasubiri baba abonyeze.

Siku yenyewe Kulwa alikuwa na homa, amelala. Doto alikaangiwa karanga, akapewa kwenye kipande cha karatasi ale na mwenzake. Baba yao alikuwa amefika muda huohuo na ameacha gari wazi akipakua mizigo. Hakuna aliyemwona Doto akiingia na kujificha chini, nyuma ya kiti. Athanas alimaliza kupakua, akaelekea barazani, akanyoosha mkono juu ya bega. Taa ziliwaka. Mtu wa pikipiki alikuwa anamsubiri wakaone mzigo wa mchimbaji njia ya Biharamulo, akaondoka na rimoti mfukoni.

Walimtafuta Doto kisimani, sokoni, kwenye mashine ya kusaga, kwenye mitaro. Scolastika aliita mpaka sauti ikakauka, na kuna wakati alichoka akaegemea gari, akaita jina la mwanawe akiwa ameliegemea. Athanas alirudi jioni, akaambiwa mtoto haonekani. Akabonyeza rimoti afungue gari, aende kumtafuta.

Chini, nyuma ya kiti, kwenye karatasi ya Doto zilibaki karanga nusu. Alikuwa amekula zake tu. Zile nyingine zilikuwa za Kulwa.

*

Bibi Mageni, mama yake Athanas, alikuja msibani kutoka kijijini na kibuyu kidogo ndani ya kikapu. Kilikuwa kipya, kimekaushwa vizuri. Alitaka kivikwe gauni la Doto, kilazwe kando ya Kulwa, na kila Kulwa atakapopewa chakula nacho kipewe chake, kama wazee walivyofanya pacha mmoja akiondoka. Alitaka pia watu wasilie.

"Pacha haliliwi," alisema. "Anapewa mahali pa kukaa. Akikosa mahali atatafuta mwenyewe, na huko atakakopata hupajui."

"Mama, mimi nimezika mtoto," Scolastika alimjibu. "Padri amekuja, tumesali. Sitalisha kibuyu."

"Umesoma mpaka kidato cha nne, mayu. Huko waliwafundisha mambo ya pacha?" Bibi alisema, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Walitufundisha kuwa kibuyu ni kibuyu."

Bibi hakubishana tena. Alikiweka kibuyu juu ya kabati, na baada ya matanga hakurudi kijijini. Athanas yeye hakusema neno upande wowote. Alitoa betri garini, akalifunika gari turubai, akaitundika rimoti kwenye msumari nyuma ya mlango, akaenda Rwamgasa. Tangu hapo alikuwa akituma unga na samaki kwa lori, na salamu.

*

Ugonjwa wa Kulwa ulianza siku hiyohiyo Justa aliposikia gari. Mchana, jua likiwa kali, mtoto aliyekuwa akicheza vizuri aliacha mchezo, akalala sakafuni, akaanza kutokwa jasho. Alihema kwa mdomo wazi. Mikono yake ilisukuma hewa mbele ya uso, viganja vimefunguka, kama kuna ukuta pale ambao wengine hawauoni. Jua lilipopoa, alikaa akaomba maji.

Scolastika alimpeleka zahanati. Walimpima damu wakasema haina malaria, wakampa dawa ya malaria. Kesho yake mchana ikawa vilevile, na siku iliyofuata ikazidi. Akampeleka hospitali Geita. Daktari akamshika kifua, akamsikiliza, akasema mapafu safi. Lakini daktari alimwona asubuhi. Asubuhi Kulwa hakuwa na shida.

"Unasikia nini mwanangu, ukilala vile?" Scolastika alimuuliza akimwosha miguu.

"Joto."

"Wapi?"

"Kwa Doto." Kulwa alisema hivyo kama anasema kwa shangazi au kwa jirani. "Anasema Baba hajabonyeza."

Scolastika aliendelea kumwosha. Alipomaliza akaenda nyuma ya mlango, akaichukua rimoti, akaifungua kwa ncha ya kisu na kutoa kibetri chake kidogo cha duara, akakitupa chooni. Ganda tupu akalirudisha kwenye msumari. Hakujua kwa nini alifanya hivyo. Alitaka tu kuwe na kitu alichofanya.

Jua lilipokuwa linazama, akipanga kuni, alisikia gari likilia nyuma ya jiko. Aliingia ndani kutazama mlango, na pale kwenye msumari, ndani ya rimoti isiyo na kitu tumboni, kitaa chake kidogo chekundu kilikuwa kinawaka na kuzimika, kinawaka na kuzimika, bila haraka, kama mtoto anayebonyeza swichi kwa kuwa hana kazi nyingine, na kila kilipowaka milango ya gari nje iligonga, na kila milango ilipogonga Kulwa, aliyekuwa kitandani na amelala usingizi wa kweli, alifungua kinywa akavuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini, halafu milango ikafunga, naye akafunga kinywa.

Scolastika alikaa sakafuni kando ya kitanda mpaka kitaa kikaacha. Kisha akaenda kumwamsha mama mkwe.

"Mama," alinong'ona. "Niambie la kufanya."

Bibi Mageni alikuwa macho. "Mimi sijui la kufanya. Ninajua anayejua."

*

Bernadina wa Masumbwe aliteremka kwenye lori la pamba akiwa na mfuko wa rambo, kandambili, na miwani iliyofungwa uzi. Alikunywa chai ya vikombe viwili kabla ya kusema chochote.

"Nilidhani mganga anakuja na ngozi ya chui," Justa alimnong'oneza Scolastika.

"Ngozi ya chui ina joto, binti," Bernadina alisema bila kugeuka. "Na masikio yangu nayo ni mazima, kama yako."

Alizunguka gari mara moja, akiwa ameinua turubai kwa vidole viwili kama anayeogopa kumwamsha mtu. Akaweka kiganja kwenye kioo, akakiondoa upesi. Aliporudi jikoni alikaa karibu na Scolastika, akasema polepole ili asikike na kusiwe na haja ya kurudia.

"Humo wamo wawili. Mmoja ni mwanao. Hakupewa mahali, amerudi alipopajua, amekaa anasubiri baba yake abonyeze. Wa pili ni jini. Ni jini wa mashimoni, hawa wanapenda palipofungwa na pana joto, na mume wako anatoka huko kila siku, hujui alimbeba lini. Alikuta mtoto yuko peke yake, akakaa naye. Sasa amejifunza sauti yake. Na amejua kwamba mtoto huyo wamezaliwa wawili. Anamtaka huyu aliyebaki."

"Nitavunja kioo," Scolastika alisema. "Nina mchi pale."

"Vunja. Watatoka wote wawili, waingie ndani, na hutajua nani umempokea."

Scolastika aliuacha mchi pale ulipo.

"Baba yao ndiye afungue," Bernadina aliendelea. "Kwa mkono wake, na atazame ndani kwa macho yake, jambo ambalo siku ile hakulifanya. Amtoe mmoja, amtie mahali pake." Alielekeza kidevu kwenye kabati, kwenye kibuyu. "Halafu afunge. Afunge na avute kitasa, ajue kwamba kimefunga. Hiyo ndiyo kazi. Kufungua hata mwizi anafungua."

"Na kama atakosea wa kumtoa?"

"Asifuate sauti. Sauti zitakuwa moja. Amwite kwa kitu chake."

Bibi Mageni alivuta kitenge usoni. Kulwa alikuwa mlangoni akicheza na kifuniko cha sufuria. Mchana ulikuwa haujafika.

"Ana muda gani?" Scolastika aliuliza.

Bernadina alimtazama mtoto, kisha akatazama kikombe chake. "Mfuate mumeo leo," alisema.

*

Alimkuta Rwamgasa, kwenye vumbi la makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, ambako mtu hasikiki mpaka asogee sikioni. Athanas alikuwa amekonda. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hana mzigo anaousubiri wala mtu anayezungumza naye.

"Kulwa anakufa," Scolastika alimwambia.

"Mpeleke Geita."

"Nimempeleka. Ana damu safi na mapafu safi, na kila mchana anakufa zaidi ya jana."

"Mimi si daktari, Mama Kulwa."

"Daktari nimeshamwona. Namtaka aliyefunga gari."

Athanas alitazama pembeni. Mashine zilisaga. Alifungua mkono wake wa kulia, akautazama. "Kidole hiki," alisema. "Usiniambie nikiweke tena pale. Nikatie, nitakupa kisu, lakini usiniambie hivyo."

"Kidole hakikuwa na kosa. Hukutazama nyuma, hilo tu. Sasa unakuja kutazama." Alishika mkono wake, akauvuta. Hakuwa na nguvu za kumbembeleza. Alikuwa amesafiri amesimama, na jua lilikuwa linapanda. "Inuka. Lori la Kamrudin lililonileta linageuza, halitatusubiri."

Njiani alimweleza yote, juu ya magunia, mdomo ukiwa sikioni mwake.  Walipokaribia Buseresere ndipo Athanas aliposema, "Karanga utakaanga wewe?"

"Nani mwingine?" alijibu.

*

Walisikia Kulwa kabla hawajaingia uani. Alikuwa anahema kwa sauti kama msumeno. Bibi Mageni alikuwa amemkumbatia sakafuni, na miguu ya mtoto ilikuwa ikipiga, lakini si kwa nguvu tena.

Scolastika alikaanga karanga akiwa amesimama, mkono mmoja kwenye kijiti cha kukorogea, masikio yakiwa kwenye pumzi ya mwanawe. Alizimwaga kwenye kipande cha karatasi, akampa mumewe. Bernadina alishusha kibuyu, akakivika gauni la njano la Doto lililokuwa limehifadhiwa, akampa Scolastika akishike kama anavyoshikwa mtoto. Kilikuwa chepesi kama hewa.

Athanas aliitungua rimoti kwenye msumari, tupu vilevile, wakaondoa turubai. Kioo chote kilikuwa cheupe kwa jasho, na viganja vilikuwa vingi sasa, vimejaa kila mahali, vingine juu kabisa ambako mtoto wa miaka mitano hafiki.

"Nirudishe betri garini?" Athanas aliuliza. 

"Anayefungua na kufunga humo hahitaji betri," Bernadina alisema. "Sogea karibu. Karibu zaidi. Leo hubonyezi ukiwa barazani."

Athanas alisogea mpaka magoti yakagusa mlango. Alibonyeza. Gari lililia, taa zikawaka mchana kweupe, pini zikagonga, akavuta kitasa, mlango wa nyuma ukafunguka, na joto lililotoka lilimfanya kila mtu arudi nyuma isipokuwa yeye, joto la tanuri lenye harufu ya plastiki na mkojo wa mtoto na karanga, na katika joto hilo sauti ikasema, taratibu, bila kulaumu, "Baba, umekuja," na kabla haijamaliza sauti ileile, kutoka upande mwingine wa kiti kilekile, ikasema, "Baba, umekuja."

Alitazama. Alichokiona hakumwambia mtu, si siku hiyo wala baadaye, lakini Scolastika aliuona uso wake na alijua kwamba anaona. Hakugeuka. Alinyoosha mkono wenye karatasi ya karanga.

"Zako hizi," alisema. "Zako na za mwenzako."

Kitu kikachukua karanga. Wote waliona karatasi ikishuka kidogo, kama inavyoshuka kiganjani mtoto akitia vidole. Kisha Athanas akainama, akaingiza mikono yote miwili, akanyanyua, na alinyanyua kama mtu anayebeba mzigo wa kweli, mgongo umepinda, kidevu kimeinuliwa kupisha kichwa kisichoonekana kilichoegemea shingo yake. Akageuka, akakiweka juu ya kibuyu mikononi mwa mkewe. Kibuyu kikawa kizito. Kikawa cha moto. Scolastika alikibana kifuani kwa nguvu, akaujua uzito ule, kwa kuwa alikuwa ameubeba miaka mitano.

"Baba," sauti ikasema garini. "Na mimi."

Athanas alisimama, mkono uko kwenye mlango.

"Baba, kuna joto. Mbona umemchukua yule? Yule si mimi."

"Funga," Bernadina alisema.

"Baba, mimi sikulia. Nilisubiri tu. Nilijua utabonyeza."

"Scola," Athanas alisema, na hakuwa amemwita kwa jina hilo tangu walipokuwa wachumba. "Scola, ni yeye. Sikiliza. Ni yeye huyu."

Ilikuwa sauti ya Doto. Ilikuwa na kile kikohozi kidogo mwishoni. Scolastika alisimama na kibuyu cha moto kifuani, na ndani ya nyumba Kulwa alikuwa anavuta pumzi moja, kisha kimya kirefu, kisha moja. Hakujua. Mpaka leo hakuna anayeweza kusema kwamba alijua. Aliuona mkono wa mumewe ukianza kuufungua mlango zaidi, akapiga hatua, akauweka mkono wake juu ya mkono ule.

"Funga, Baba Kulwa," alisema.

"Mama?" sauti ikasema. "Mama, wewe pia?"

Waliusukuma mlango pamoja. Athanas akabonyeza, taa zikawaka, pini zikashuka. Akavuta kitasa. Akakivuta tena. Akazunguka mlango kwa mlango akivuta kila kitasa kwa mkono, machozi yakimwagika kwenye shati, na gari likilia kwa ndani kilio cha mtoto aliyefungiwa.

Ndani ya nyumba Kulwa alikohoa, akaomba maji.

Bernadina alikuwa amewaambia kwamba jini akishafungiwa atachoka kuigiza, watamsikia kwa sauti yake mwenyewe, na hapo mioyo itatulia. Walisubiri. Lori la Kamrudin lilikuja na mnyororo, wakalifunga gari nyuma. Walisubiri bado. Lilipokokotwa kutoka uani kwenda kwenye duara moja lililoachwa huko porini, shimo la zamani ambalo maji yameshalijaza, sauti ilikuwa ileile. Ilikuwa inaita baba. Dereva aliongeza sauti ya redio.

*

Bibi Mageni alisonga ugali, kwa sababu mikono ya Scolastika haikutaka kushika mwiko. Palikuwa na samaki, mboga za majani, na zile karanga zilizosalia kwenye kikaango. Kibuyu kilikaa mkekani, gauni la njano limefungwa vizuri, kando ya Kulwa. Mbele yake Scolastika aliweka kisahani, akamega tonge dogo, akatoa miiba kwenye kipande cha samaki kama alivyokuwa akitoa zamani. Mama mkwe alimtazama akifanya hivyo.

Kulwa alikuwa na njaa. Alikula ugali bila kuinua macho. Alipopewa karanga alizimwaga mkekani, akazigawa mafungu mawili, akahakikisha kwamba yanalingana, akasukuma moja mbele ya kibuyu. Hakuna aliyemwambia.

Athanas aliona. Aliinamisha kichwa, na mabega yake yakashuka kama mtu aliyetuliwa gunia, na Scolastika naye akaweza kumeza tonge lake la kwanza.

Hapo ndipo alipoona mwanga. Bernadina alikuwa amesema rimoti itupwe pamoja na gari, lakini ilikuwa kwenye mfuko wa shati la mumewe, hakuwa ameweza kuitupa. Ndani ya kitambaa cheupe kitaa chekundu kiliwaka, kikazimika. Kikawaka. Kikazimika. Hakikuwa na haraka. Athanas aliona kwamba mkewe ameona, akauweka mkono juu ya mfuko, akaubakiza pale, kama anayemtuliza mtoto alale.

Scolastika alinyanyuka. Alienda mlangoni, akasukuma komeo, akavuta mlango kwa mkono kuhakikisha umefunga, akauvuta tena. Kisha akarudi mkekani, akakaa, akawatazama mmoja mmoja. Bibi. Baba Kulwa. Kulwa. Doto. Na yeye.

Walikuwepo wote.

"Kuleni," alisema, "chakula kinapoa."